Karafuu Juu ya Chupa

Watu walikuwa wamejaa hata kwenye ngazi. Arobaini ya marehemu Stratis Karamitsos ilisomwa kanisani asubuhi, na sasa nusu ya Wagiriki wa mji wa Hobart walikuwa wamebanana ndani ya nyumba yake, nguo nyeusi kwa nguo nyeusi, vikombe vya kahawa vikipita juu ya vichwa vya watu. Mvua ilipiga madirisha. Ule mlima wa nyuma ya mji haukuonekana tangu kupambazuke, wingu la theluji lilikuwa limeumeza. Marehemu aliwakaangia watu wa mji huu samaki na chipsi uhai wake wote, na hata leo nyumba ilinuka samaki wa supu ya matanga, ungedhani yuko jikoni amefunga aproni yake.

Aliyekuwa jikoni ni dada yake, Shangazi Polyxeni, akigawa ngano ya marehemu: ngano ya kuchemsha, sukari, lozi na punje za komamanga. Na kila kibakuli kilichotoka mkononi mwake kilitoka na habari yake.

"Shika, mwanangu, Mungu amrehemu kaka yangu. Umesikia? Binti yetu Garifalia anakwenda Norwei."

"Kufanya nini huko, shangazi?"

"Kazi! Si unajua anasomea udaktari? Siyo ule wa sindano, ule wa kuandika kitabu. Anapima zebaki iliyomo hewani. Hata hapo ulipo unaivuta."

"Tfuu! Usinitakie mabaya!"

"Mimi nakuambia tu. Inapanda angani, inazunguka dunia nzima, inashuka na mvua. Sasa yeye kakamata kubwa, haijapata kuonekana. Wazungu wa Norwei wamechanganyikiwa, wanamtaka jana."

"Wifi," mama mjane alimkata kutoka mezani, "si ungekwenda kutangaza redioni tu."

"Redio ya nini na mimi nipo?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani, kile cha kuficha mdomo. Mjane huyo, Stamatia, mama yake Garifalia, hakucheka, ila uso wake ulilegea. Tangu mumewe azikwe ilikuwa mara ya kwanza uso ule kulegea. Asubuhi, mlangoni pa kanisa, Garifalia alipomsomea ujumbe wa Profesa Beswick, *Wamekubali, wanataka neno lako leo*, mama alimshika mkono akaubana mpaka ukauma.

"Nenda," alimwambia. "Nenda mbali, mwanangu. Baba yako atafurahi."

"Norwei kuna baridi, mama."

"Hata Marrawah kuna baridi. Tena na mavi ya ng'ombe juu yake."

Garifalia aliinamisha kichwa. Kumbe mama hakuwa anamsukuma aende Norwei. Alikuwa anamsukuma asiende Marrawah, kwa mtu mmoja ambaye jina lake halikutajwa katika nyumba hii tangu siku ya mazishi.

Sasa alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu, anaosha glasi ambazo nyingine zilikuwa safi. Alitafuta furaha ndani yake, akakuta hamna kitu. Kwenye chumba chake, ukutani, alikuwa amebandika mchoro wa kazi yake: mstari wa zebaki iliyopimwa kwenye mvua ya majira matatu ya baridi, umelala kama bahari isiyo na upepo, na mwishoni, mwezi wa Juni mwaka huu, mlima. Mlima mmoja mkali, umesimama peke yake. Profesa alipouona alivua miwani. Wingu la zebaki kutoka kwenye barafu ya kusini, alisema, na sisi ndio tuliokuwa tumetega chupa. Akautuma mchoro kwa rafiki yake Norwei usiku uleule.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, baridi ikaingia, na maongezi ya ukumbini yakazimika mstari kwa mstari, mpaka ikabaki mvua.

"Mama wa Mungu," alisema Shangazi Polyxeni, kijiko kikiwa hewani. "Si yule wa ng'ombe?"

Alikuwa yeye. Rowan Nibbs alisimama kwenye kizingiti amevaa suti ya mtu mwenye mikono mifupi kuliko yake, nywele zinamchuruzika maji, mkononi ndoo ya kamba wakubwa wa bahari ya Marrawah, wazima, wanakwaruza plastiki. Hakuna aliyemkaribisha. Alipita katikati ya nguo nyeusi mpaka mbele ya mama mjane, akaitua ndoo, akainama.

"Kumbukumbu yake idumu, mama," alisema. Maneno hayo alikuwa amejifunza kwa Kigiriki, na aliyasema vibaya, lakini aliyasema yote.

Halafu akatabasamu.

Sasa lazima ujue kwamba katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuliona tabasamu la Rowan Nibbs. Mwaka jana alipoletwa kula chakula cha mchana alikuwa akicheka ameuziba mdomo kwa kiganja, na akiongea aliinamia sahani. Alipoondoka, Stamatia alisema, "Mtu anayeficha mdomo anaficha na mengine." Shangazi akampa jina la Bubu, likashika. Leo kiganja hakikupanda. Meno yalitoka yote, meupe, yamejaa, hayana hata doa moja jeusi.

"Looo," Shangazi alinong'ona. "Bubu kapata meno."

Wengine waliona meno. Garifalia aliona chupa.

Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji. Aliitoa polepole, akaikausha kidole kwa kidole kama afanyavyo maabara, akawaambia waliomzunguka "samahani, samahani," akamkaribia Rowan.

"Njoo nyuma," alisema. "Sasa hivi."

"Garifalia!" mama aliita.

"Dakika mbili, mama."

* * *

Nyuma ya nyumba kulikuwa na baraza fupi la mabati, mashine ya kufulia, na mlimau ambao marehemu aliufunika gunia kila baridi ili usife. Mwaka huu hakuna aliyekumbuka kuufunika. Walisimama pale, mvua ikidondoka mbele yao kama pazia, na kwa mazoea ya muda mrefu kila mmoja akasimama upande wake bila kumgusa mwenzake.

Mazoea hayo yalikuwa ya kazi. Kuchukua maji ya mvua ya kupima zebaki kunataka watu wawili. Mmoja anaitwa mikono safi, huyo hagusi kitu chochote duniani ila chupa. Mwingine anaitwa mikono michafu, huyo anagusa vingine vyote: lango, mfuko, boksi, zipu, hata pua ya mwenzake ikiwasha. Garifalia alikuwa mikono safi, Rowan mikono michafu. Majira matatu ya baridi walipanda pamoja kwenye rasi iliyo mwisho wa shamba la kina Nibbs, wamevaa mavazi meupe, glavu na barakoa, na hawakugusana, maana mguso mmoja ungeiharibu safari nzima. Vijana wa Marrawah waliwacheka mpaka wakachoka. Harusi ya watu walioogopana, walisema.

Na kulikuwa na sheria nyingine, ile ya meno. Rowan alikulia mbali na mji, na meno yake ya nyuma yote yalikuwa yamezibwa kwa fedha ya zamani ya daktari wa meno, ambayo nusu yake ni zebaki. Mtu mwenye meno hayo pumzi yake si ya kuaminika juu ya chupa. Siku ya kwanza kabisa Garifalia alimwambia kwa utani, "Wewe ukicheka tu utanipeleka jela." Rowan hakucheka. Tangu siku hiyo, kila chupa ilipofunguliwa, aligeuza uso baharini akaufunga mdomo mpaka kifuniko kilipokazwa. Majira matatu ya kumgeuzia kisogo mwanamke anayempenda.

Isipokuwa mara moja.

"Umetengeneza lini?" Garifalia aliuliza.

"Nini?"

"Usinichezee, Rowan. Meno. Lini?"

Tabasamu lilisinyaa. "Nilitaka iwe zawadi. Nilidhani umeshaona siku ile."

"Siku ipi?"

"Ya chupa ya mwisho. Nilikwenda mjini Burnie kwa daktari jana yake. Akachimba fedha yote akaitoa, akajaza nyeupe. Meno yaliniuma usiku kucha. Akanipaka mafuta ya karafuu, na asubuhi mama akanipa punje nyingine za kutafuna."

Garifalia alifumba macho. Karafuu. Jina lake mwenyewe lilikuwa na karafuu ndani yake, katika lugha ya kwao karafuu na ua moja linalonukia kama karafuu huitwa neno moja, na ndilo lililomo katika jina lake, na tangu alipomweleza Rowan jambo hilo hakumwita jina lingine. Siku ile kwenye rasi upepo ulikuwa umelala, jambo ambalo halitokei pale. Chupa tupu, ile wanayoifungua kwanza na kuifunga ili kujua uchafu wao wenyewe ni kiasi gani, ilikuwa imekwisha rudi boksini. Alikuwa amefungua ya pili, ya mvua, ameishika kwa mikono miwili kifuani. Akatazamia kuona kisogo. Akaona uso. Rowan alikuwa ameivuta barakoa mpaka kidevuni, ameinama, karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu, na pumzi yake ilinukia karafuu. Garifalia alidhani ni mzaha wa jina lake. Alidhani ametafuna makusudi, ili ampendeze.

*Karafuu,* alimwambia juu ya mdomo wa chupa, *nataka tuoane.*

Na yeye alisahau kuifunika. Alisahau! Yeye ambaye hakupaka mafuta ya uso majira matatu kwa kuogopa chembe ya uchafu.

"Ulidhani umejisafisha," alisema sasa.

"Si nilikuwa nimejisafisha? Wewe mwenyewe ulisema, kinachoharibu ni ile fedha. Nikaitoa. Nikasema, leo angalau mara moja nitamtazama akiwa ameshika chupa yake. Miaka yote naitazama bahari, Karafuu. Bahari nimeshaijua."

"Ikichimbwa ndiyo inaamka," Garifalia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ikikaa jinoni imelala, inatoka kidogo kidogo. Ukiitoboa, mvuke wake unakaa kwenye pumzi yako siku kadhaa. Ungekuja na meno yako ya zamani isingekuwa hivi. Ungekaa nayo tu, Rowan!"

Rowan alimtazama, halafu akaitazama mvua. Hakuwa mjinga. Alikuwa amebeba masanduku ya kazi hii muda mrefu kutosha.

"Ule mlima," alisema. "Kwenye mchoro ulionitumia picha yake. Uliosema umetoka kwenye barafu."

"Ndiyo."

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

Kwa sekunde moja alitaka kucheka, ilionekana mashavuni. "Basi mimi ni mkubwa," alisema. Kisha akamwona Garifalia analia, kicheko kikamfia.

"Norwei wananitaka kwa sababu ya huo mlima," Garifalia alisema. "Hawanitaki mimi. Wanautaka huo. Leo nijibu. Mama amenishika mkono leo, unaelewa? Tangu baba afe hajanishika. Ananiangalia kama mtu aliyekuwa anastarehe wakati mumewe anakata roho. Na ni kweli! Nilikuwa nimesimama pale nakusikiliza wewe. Tulipofika langoni, simu ilipopata mtandao, alikuwa amekwisha kufa."

"Hukujua."

"Ungenyamaza tu! Majira matatu umenyamaza, ungeshindwa kumalizia siku moja? Ungebaki na mdomo wako mchafu!"

Lilimtoka. Alitamani kulirudisha, lakini neno ni kama ile zebaki, likishapanda halina mwenyewe. Rowan alikaza taya. Mkono wake ulipanda taratibu, ule mkono wa zamani, ukafunika mdomo.

Ndani, mtu aliangusha sahani, watu wakasema "amrehemu, amrehemu."

"Sikuja kudai jibu," Rowan alisema nyuma ya kiganja. "Nimekuja kumuaga mzee wako. Mazishi hamkunialika. Hata siku yake niliijua kwenye gazeti."

"Rowan..."

"Nyumbani simu haishiki mtandao, unajua. Mpaka uteremke langoni. Nimeteremka kila jioni baada ya kukamua. Nasimama, mbwa ananisubiri, ng'ombe wananishangaa. Baba akaniuliza unasubiri basi? Hakuna basi linalopita pale." Akashusha mkono. "Sitasimama tena, Karafuu. Si kwa hasira. Miguu imechoka."

"Na ile chupa?"

"Iache."

"Niiache vipi?"

"Iache ilivyo. Nani atajua? Wewe unajua na mimi najua. Nenda Norwei, mama yako apumzike. Mimi sitasema kitu kwa mtu. Huu mdomo," akagusa meno yake mapya kwa ncha ya kidole, kama anayakabidhi, "kuufunga nimejifunza kwako."

Hakupita tena ndani. Alizunguka nyumba chini ya mvua, kichwa kimeinama, na Garifalia akasikia mlango wa pikapu ukifungwa, injini ikikohoa, magurudumu yakipasua maji ya barabarani. Alikuwa amekuja saa nyingi za njia na hakula hata kijiko cha ngano.

* * *

Aliporudi jikoni, kamba walikuwa wamekwisha tiwa kwenye sufuria.

"Kaondoka?" Shangazi Polyxeni aliuliza. "Hata hajala! Nimemtazama, kumbe ana sura. Mdomo ukiwa wazi mtu anakuwa mwingine."

"Wifi, hebu," alisema Stamatia. Kisha kwa binti yake, chini kwa chini, "Umemwambia?"

"Nimwambie nini, mama?"

"Kwamba unakwenda."

"Amejua."

"Vizuri." Mama alimfuta mvua shavuni kwa upindo wa kitambaa chake cheusi cha kichwani. Alimfuta kwa upole, na upole ule ulimuumiza Garifalia kuliko lawama zote za siku zilizopita. Ukutani, juu ya taa ndogo ya mafuta, picha ya baba yake iliwatazama. Mzee Stratis alikuwa na msemo, akimwaga ndoo nzima ya samaki kwa ajili ya mmoja aliyelegea jicho: akioza mmoja wameoza wote. Lakini hata hilo silo lililomkaa kooni. Lililomkaa ni jambo jingine. Atakwenda Norwei. Atasimama mbele ya watu, awaonyeshe mlima wake, awaambie huu ulikuwa upepo wa barafuni. Na watu wataandika. Na siku ile, uso ule, karafuu ile, itakuwa upepo wa barafuni milele. Rowan atakuwa hakuwahi kugeuka.

Simu yake ikalia juu ya meza. Mikono ya Shangazi ilikuwa karibu zaidi, na mikono ya Shangazi haijawahi kuiacha simu ya mtu ilie. Akabonyeza sauti ya juu ili wote wasikie neema.

"Garifalia!" ilikuwa sauti ya Profesa Beswick, ikajaza jikoni mpaka ukumbini. "Pole tena kwa siku ya leo, sikutaka kukusumbua. Wenzetu wa Norwei ndiyo wameingia ofisini. Niwaambie nini?"

"Mwambie ndiyo!" Shangazi alinong'ona, mnong'ono wa kufika barabarani.

Watu walijisogeza mlangoni na vibakuli vyao. Garifalia aliinama juu ya simu.

"Profesa, chupa ya Juni itoe."

"Samahani?"

"Ule mlima. Uutoe kwenye mchoro. Umeingia uchafu."

"Haiwezekani, chupa tupu ya siku hiyo ilikuwa safi. Nimeiangalia mwenyewe."

"Tupu tuliifungua kwanza. Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla mtu hajapumua juu ya hii nyingine. Alikuwa ametolewa fedha ya meno jana yake. Sikujua. Nimejua leo."

"Msaidizi wako? Yule kijana anaijua sheria kuliko wanafunzi wangu wote. Barakoa yake ilikuwa wapi?"

"Aliishusha."

"Kwa nini aishushe, Garifalia? Nikitoa namba lazima nijue kwa nini naitoa."

Hata kamba walikuwa wamekwisha kunyamaza ndani ya sufuria.

"Alikuwa ananiposa," Garifalia alisema.

Mtu mmoja ukumbini alivuta pumzi. Simu nayo ilivuta pumzi.

"Una hakika ni hiyo?" Profesa aliuliza, sasa kwa sauti ya mtu, si ya ofisi. "Bila mlima huo sina cha kuwaambia hawa. Utakuwa na mstari uliolala tu. Ni kazi safi, utaipata shahada yako. Lakini Norwei imekwisha."

"Ilinukia karafuu, Profesa. Nilisikia harufu kabisa, nikaona ni jambo zuri."

"Pole, binti," Profesa alisema, na simu ikakatika. Pole ya kwanza ilikuwa ya marehemu. Hii hakuna aliyeuliza ilikuwa ya nini.

Stamatia hakuwa ameondoa macho kwa binti yake. "Ukamjibu nini?"

"Profesa? Si umesikia..."

"Usijitie uziwi. Mtoto wa watu kakuposa. Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu, mama. Tulifika langoni, simu yako ikaingia."

Mama aliigeukia picha ya mumewe, akaitazama muda mrefu, kama anayesubiri yeye aseme kwanza. "Basi wewe na binti yako, wote wawili, mmenikimbia siku moja," alisema. Alijiinua kwa kushika meza, akapita katikati ya wageni, na mlango wa chumba cha kulala ukafungwa taratibu. Garifalia alisikia ufunguo ukizungushwa.

Wageni walianza kutafuta makoti yao.

Garifalia alimpigia Rowan simu. Namba unayopiga haipatikani. Alipiga tena. Rowan akiendesha kwa huzuni huzima simu, alimjua, na ataizima mpaka afike, na akifika itabaki imekufa mfukoni mpaka atakapoteremka langoni, na langoni alikwisha sema hatasimama tena. Mara ya tatu Garifalia aliusubiri ule mlio wa kuacha ujumbe. Akageukia sinki, akaukinga mdomo wa simu kwa kiganja, kama mtu anayekinga mshumaa.

"Rowan. Mlima nimeuondoa. Wamejua wote kwa nini. Lile neno nililokuambia, lifute, sikuwa mimi, ni msiba. Na lile uliloniuliza juu ya chupa..." Akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo. "Ndiyo. Jibu ni ndiyo. Nenda langoni mara moja tu. Mara moja, Rowan, halafu usisimame tena."

Akaiweka simu mezani, uso juu, akakaa mbele yake. Neno lake lilikuwa limekwisha panda. Kazi yake yote ilikuwa kujua vinavyopanda vinashukia wapi, na hili hakujua litashukia wapi wala kama litashuka.

Nje, theluji ilikuwa inateremka sasa mpaka kwenye mabati, na mlimau ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Nyumba iliendelea kupungua, koti kwa koti. Shangazi Polyxeni alikwangua mabaki ya ngano kutoka kwenye sinia, akayajaza kibakuli kimoja, akachagua punje za komamanga zilizobaki akazipanga juu yake, akakifunika kwa sahani, akakiinua mpaka kwenye rafu ya juu ambako hakuna mkono utakaokifikia.

"Cha nani hicho, shangazi?" Garifalia aliuliza.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kibakuli kilitoka mkononi mwa Polyxeni bila habari yoyote.